Pointi Sabini na Moja

Kindu, tarehe 9 Machi 2003

Mwalimu Florentin,

Jambo sana. Ni mimi Nathalie Onema wa darasa la tano la sekondari, yule anayekaa nyuma karibu na dirisha. Barua hii nimempa Papa Jacques wa baiskeli, anayeleta chumvi huko kwenu Pangi. Akifika nayo, Mungu asifiwe. Kama maaskari watamnyang'anya mizigo njiani, basi na barua imekwenda.

Tulikuja shule tukakuta hauko. Prefe mwenyewe, mkuu wa shule yetu, alisema umeondoka na Mama Jacqueline na watoto, kwa miguu, na kwamba hauna kosa, kila muntu anatafuta pa kupumulia. Hatukukasirika. Ila hesabu hatuna mwalimu sasa.

Nakuandikia kwa sababu ya buletini yangu ya matokeo. Katikati ya mwezi wa pili kaka yangu Elie alikwenda shambani kutafuta majani ya sombe, hakurudi. Siku ya nne watu walikuja kutuambia. Sitaandika walivyosema. Tangu siku hiyo mama hasimami. Mimi njo ninapika, mimi njo ninateka maji. Niliamua kuacha shule. Nilikwenda kuchukua buletini ili tu iwe nyumbani, nisiseme siku moja kwamba sikusoma.

Nikaona: hesabu, sabini na moja kwa mia.

Mwalimu, mimi hesabu sijapita hamsini na tano tangu nizaliwe! Nikarudi kwa prefe nikijua ni makosa. Alifungua daftari lako, akaweka kidole chini ya jina langu, akasema, "Mwandiko wa Florentin njo huu. Sabini na moja."

Nilikaa muda mrefu kwenye ngazi za shule. Nikasema, basi Mwalimu aliona ndani yangu kitu ambacho mimi sikioni. Siachi shule tena. Mimi na mwenzangu Francine tunarudia mazoezi yote ya kitabu chake, kila asubuhi kabla ya kwenda kuteka maji.

Swali langu ni moja tu. Uliona nini kwenye karatasi yangu?

Mwanafunzi wako,
Nathalie Onema

*

Pangi, tarehe 2 Mei 2003

Mtoto wangu Nathalie,

Barua yako ilifika imelowa, lakini inasomeka. Pole sana kwa ajili ya Elie. Jacqueline amelia, anamkumbuka akipita kwetu na mpira wake wa nailoni. Mwambie mama yako kwamba tuko naye.

Pointi ni zako. Usiulize tena habari zake. Endelea na mazoezi. Kile kitabu cha Francine kina makosa kwenye majibu ya mwisho, usiyaamini yote.

Hapa hakuna shule. Ninalima mihogo ya watu.

Mwalimu wako,
Florentin Mwamba

*

Kindu, tarehe 17 Novemba 2025

Mwalimu,

Simu yako haiingii tangu Pasaka. Wanasema huko kwenu mtandao unapatikana juu ya kilima tu, na mguu wako haupandi kilima tena. Kwa hiyo nimerudi kwenye karatasi. Mama Mamy anakuja huko kununua mpunga, amekubali kunibebea.

Unajua kwamba nilifundisha hesabu miaka kumi na miwili. Huu ni mwaka wa tatu mimi ni mshauri wa wanafunzi katika shule yetu ya lisee. Walinipa chumba kilichokuwa cha kutupia madawati yaliyovunjika. Madawati bado yamo, nimeyasogeza tu. Walinipeleka mafunzo ya siku kumi, nikarudi na makaratasi makubwa na kalamu za rangi. Mtoto achore maisha yake kama mto. Mtoto ataje jambo moja analoliweza. Mtoto avute pumzi, ahesabu mpaka nne, aitoe. Si mabaya, Mwalimu. Wengine yamewasaidia. Lakini tangu vita vifike Bukavu tumepokea watoto wapya arobaini na tatu, na alhamisi wote wamo chumbani mwangu wakichora mito. Jioni ninafika nyumbani nimechoka, na mume wangu akiniuliza jambo nachelewa kusikia kwamba anaongea na mimi.

Dawa yangu ya mwisho huwa ni ile habari yangu na yako. Nawaambia: mimi nilikuwa nimevunjika, na mwalimu mmoja aliona nisichokiona, akanipa sabini na moja, na leo ndiye mimi huyu. Wengine wanakaa wima kidogo.

Kuna mmoja anaitwa Ange, ana miaka kumi na minane. Alitoka Bukavu na shangazi yake, wakapita msitu wa Shabunda kwa miguu majuma matano. Haongei. Akiandika anafunika karatasi kwa mkono, hata mimi nisione. Juzi nilimpa habari yetu, tukiwa wawili tu. Kwa mara ya kwanza aliniangalia usoni.

"Na mwalimu aliona nini?" akauliza.

Nilikuuliza mwaka wa 2003, hukunijibu. Sasa ninakuuliza tena, kwa ajili ya huyu mtoto.

Nathalie

*

Pangi, tarehe 11 Desemba 2025

Nathalie mwanangu,

Asante kwa sabuni na dawa ya mguu. Jacqueline angeshukuru zaidi yangu kama angekuwepo. Huu ni mwaka wa pili ninapika mwenyewe, na wali wangu hauivi vizuri.

Kuhusu mtoto Ange: usimlazimishe kusimulia. Mpe kazi ya mikono pale chumbani. Mwambie apange hayo madawati.

Kuhusu lile lingine, ni zamani sana. Karatasi zilikuwa nyingi. Ningekuomba usimpe tena mtoto yeyote habari ile. Kilichomfaa mtu mmoja hakimfai kila mtu.

Florentin

*

Kindu, tarehe 19 Januari 2026

Mwalimu,

Nimesoma barua yako mara tatu, nikacheka kidogo. Hujabadilika. Unyenyekevu wako ni uleule. Umefanya jambo kubwa na hutaki hata litajwe.

Lakini sikuandiki kwa ajili ya kucheka. Ange ameondoka.

Alipanga madawati kama ulivyosema. Alitafuta misumari, akatengeneza saba. Nikafikiri tumefika. Halafu matokeo ya mitihani ya Noeli yakatoka: hesabu, ishirini na mbili. Alikuja mlangoni kwangu, hakuingia. Aliniambia hivi, nimeandika ili nisisahau: "Mama, wewe ulipewa sabini na moja. Mimi nimepewa ishirini na mbili. Basi kila muntu afuate pointi zake."

Siku iliyofuata hakuja. Shangazi yake anasema amekwenda machimboni huko Kama, kwa binti mmoja wa ukoo wao anayewapikia wachimba dhahabu. Shangazi halii. Anasema, "Angalau huko atakula."

Mwalimu, mimi njo nilimpa ile habari. Nilimwonyesha mlango, halafu akaukuta umefungwa.

Wewe uko upande huo. Sikuombi uende, najua mguu wako. Nauliza tu kama kuna mtu wa kanisa, au mwalimu yeyote wa Kama, wa kumtazama kama ni mzima. Barua yangu ya kuacha kazi nimekwisha kuiandika. Iko ndani ya droo, imebaki tarehe.

Nathalie

*

Pangi, tarehe 23 Februari 2026

Nathalie,

Anayekupa barua hii ni Ange mwenyewe. Anajua kilichoandikwa humu. Keti kwanza.

Nilikwenda Kama. Pikipiki ilituangusha mara mbili kwenye tope, na mguu umevimba, lakini huo mguu ulikuwa umekwisha kuharibika. Nilimkuta nyuma ya kibanda cha majani, anakaanga mikate kwa ajili ya wachimbaji. Alinitazama mguu kabla ya uso, akanipa kiti chake.

"Umekuja kunihubiria, papa?"

"Nimechoka kuhubiri. Nipe maji."

Alinipa. Nikamwambia mimi ni nani. Akaacha kijiko.

"Wewe njo ule wa sabini na moja?"

"Njo mimi."

"Sasa uliona nini?"

Nathalie, nilikuwa nimekaa juu ya pikipiki siku nzima nikitayarisha maneno mazuri. Nilimwangalia yule mtoto, na moshi, na wale vijana wenye matope mpaka shingoni wanaongojea mikate yao, na nikakosa nguvu ya kusema uongo. Nikamwambia nitakayokuambia sasa.

Sikuisoma karatasi yako.

Sikusoma karatasi ya mtu yeyote. Zilikuwa hamsini na sita, ndani ya kapu. Watoto wangu walikuwa wanakula majani ya viazi bila chumvi, na tulikuwa tumeamua kuondoka kesho yake. Prefe alikataa kunipa karatasi ya njia, ya kuwaonyesha maaskari, kabla sijaweka pointi kwenye daftari. Nilikaa kwenye kizingiti, jua la saa nane, nikaandika. Hamsini na nane. Sitini na tatu. Arobaini na saba. Niliandika kama mtu anayefukuza nzi. Ningependa kukuambia kwamba mkono wangu ulisimama kwenye jina lako. Haukusimama. Ningependa kukuambia nilikuhurumia kwa ajili ya Elie. Siku ile Elie alikuwa bado hai. Makaratasi yenu Jacqueline aliyafungia karanga za njiani.

Barua yako ilipofika nilitaka kukuambia. Jacqueline alinizuia. "Ukimwambia, utamtoa shule kwa mkono wako." Nikamsikiliza. Baadaye ulipata diploma, nikasema nitamwambia akiolewa. Ukaolewa. Ikawa aibu tu, na aibu ya miaka mingi inazoeleka kama mguu mbovu. Unajifunza kutembea nayo.

Yule mtoto alicheka, Nathalie. Alicheka mpaka mikate ikaungua na vijana wakapiga kelele. Halafu akaniuliza:

"Sasa Mama Nathalie alikuwa anatembea juu ya nini hii miaka yote?"

Nikamwambia sijui, ni wewe wa kuulizwa.

Nililala kwa mwalimu mmoja wa hapo. Asubuhi nilimkuta Ange mlangoni na kikapu chake kimefungwa. Sikumwomba arudi, na sikumwahidi kitu. Alisema tu, "Ninarudi Kindu. Nataka kumuuliza."

Sikuombi msamaha kwa barua. Nilifikiri nitakuja mwenyewe, lakini mguu hauniruhusu, na pengine nina furaha kwamba hauniruhusu.

Florentin Mwamba

*

Kindu, tarehe 14 Machi 2026

Kwa Papa Florentin,

Jambo papa. Ni Ange. Mama Nathalie hajui kama niko nakuandikia. Mama Mamy ameniambia anakuja huko kesho asubuhi, kwa hiyo naandika haraka, utanisamehe na makosa.

Nilifika salama. Nilimupa barua. Uliandika akae, hakukaa. Alisoma amesimama, katikati ya madawati yake. Alipomaliza aliikunja mara nne, akasema, "Asante. Umekula?" Nikasema nimekula. Akatoka. Kesho yake hakuja. Siku tatu hakuja. Walimu walisema ni malaria. Mimi nilijua haiko malaria.

Siku ya ine nilikwenda kwake, mtaa wa Mikelenge. Nilikuta anachagua muchele. Nikamuuliza palepale, sikungojea anikaribishe: "Mama, ulikuwa unatembea juu ya nini?"

Alisogeza ungo, akanipa nusu ya muchele. Tulichagua kimya, papa, karibu tumalize. Nikafikiri nimeharibu. Halafu akaanza kusema, pole pole, kama vile anaongea na muchele. Akasema Francine alikuwa anakuja asubuhi sana, na kitabu kilikuwa kimoja. Akasema hakukuwa karatasi, walikuwa wanaandika na mukaa kwenye ukuta wa jiko, na mama yake alikuwa amelala tu anawaangalia. Kuna siku mama yake aliamuka akafuta ukuta na kitambaa ili wapate nafasi. Njo siku ya kwanza alisimama tangu Elie.

Nikamuuliza, "Na nani alikuwa anawasahihisha?"

"Hakuna muntu. Majibu ya kitabu yalikuwa na makosa. Tulikuwa tunabishana mpaka mumoja anachoka au anaelewa."

Nikamwambia, "Basi tubishane."

Aliniangalia sana. Papa, sikusema vile juu niko na akili. Nilisema juu nilimuona amechoka na sikujua kitu kingine ya kusema. Mimi pia nimechoka. Njiani kule Shabunda shangazi alikuwa anasema, tusiangalie mbali, tuangalie tu ule muti pale. Tukifika kwa muti, tunaangalia mwingine. Nilifanya vile.

Sasa kila jumamosi, siku ya posho, tunabishana. Hesabu moja, saa moja. Mara mbili nimemushinda.

Alilia kidogo ile siku ya muchele. Jina lako hakulitaja. Usimwandikie kwanza. Nenda na mguu kwa muganga wa zahanati, usiweke tu majani.

Mimi,
Ange

*

Kindu, tarehe 29 Juni 2026

Mwalimu Florentin,

Miezi minne sikukuandikia. Nilianza barua tano. Ya kwanza ilikuwa na matusi, na sikujua kwamba ninayajua matusi hayo. Nimezichana zote, hii nitaituma.

Nilikasirika sana, na bado. Si kwa sababu ya pointi. Nimekuwa mwalimu, najua mtu mwenye njaa anavyosahihisha. Nilikasirika kwa sababu siku zote nilipochoka nilijiambia kwamba kuna mtu mmoja aliyenisoma. Kwa miaka karibu ishirini na mitatu nilikuwa na mtu huyo kichwani, na alikuwa na sura yako. Sasa ninapochoka hakuna mtu pale. Hilo sijui kama utanirudishia, na sikuombi.

Nimeacha kuwapa watoto habari ile. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nakaa mbele yao bila kujua niseme nini. Nikaondoa makaratasi ya mito, nikawaweka wawili wawili kwenye madawati yaliyotengenezwa na Ange, nikawapa kila jozi swali moja na kipande cha chaki. Sheria ni moja: usikubali jibu la mwenzako kwa sababu amesema kwa nguvu, na usiliache la kwako kwa sababu una haya. Kelele iliyotoka humo ilimleta prefe mbio. Aliuliza, "Huu ndio ushauri?" Nikamwambia nami sijui bado.

Haikuwafaa wote. Wawili wameacha shule, mmoja ameolewa. Kuna kijana wa Lubutu ambaye kila alhamisi anaweka kichwa juu ya dawati na kulala saa nzima. Simwamshi, kwa sababu anasema kwao hawalali. Na mito hatukuitupa. Kuna anayeiomba bado, ninampa.

Barua ya kuacha kazi iko palepale kwenye droo. Kuna siku nafungua droo nitazame tu kama ipo. Kisha naifunga.

Wiki iliyopita matokeo ya mwisho wa mwaka yalitoka. Ange alipata arobaini na sita katika hesabu. Nikaanza kutafuta maneno ya kumpa, yale yale tuliyofundishwa. Sikupata nafasi. Saa ya mapumziko tulikuwa tumekaa walimu kumi na mmoja katika chumba chetu, tunakunywa chai, mlango ukagongwa. Akaingia yeye, yule asiyeongea, karatasi yake iko wazi mkononi, bila kuifunika. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa hesabu, Mwalimu Ephraïm, mtu mkali, hata mimi ninamwogopa kidogo.

"Mwalimu, hapa kwenye swali la sita umenipa sufuri. Jibu langu njo hili, na njia yangu njo hii. Iko sawa."

Ephraïm alisema, "Njia hiyo sikuifundisha mimi."

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini iko sawa."

Nilitaka kusimama nimsaidie, na nikajizuia kwa kushika kikombe changu kwa mikono miwili. Alieleza mstari kwa mstari, akarudi nyuma pale Ephraïm alipomkatiza, akaendelea. Ephraïm alivaa miwani. Alihesabu mara moja, akahesabu tena. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akafuta, akaandika arobaini na nane.

Bado iko chini ya hamsini, Mwalimu. Mwezi wa tisa atarudia mtihani. Walimu wote walimngoja ashukuru.

Ange aliitazama karatasi, akasema, "Njo pointi zenyewe," akatoka.

Nathalie Onema